Kijaluba Nilichokirudisha

Juma lililopita kijana mmoja alipanda ngazi zangu, akavua viatu mlangoni, akaniamkia. Alisema yeye ni mjukuu wa Mwalimu Kombo. Jina hilo sikuwa nimelisikia likitamkwa kwa miaka mingi, nikamwambia akae, nikaagiza kahawa. Hakukaa. Walikuwa wakifungua sanduku la marehemu babake, alisema, wakakuta kitu kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cheupe cha kushonea kofia, na juu yake jina la mama yangu kwa herufi za Kiarabu. Akaniwekea mapajani, akaaga, akaenda zake. Vijana wa siku hizi wana haraka, hata ya kurudisha amana.

Sikukifungua upesi. Vidole vyangu vilikijua kabla ya macho: kijaluba cha fedha, kidogo, kinaenea katika kiganja cha mtoto, na juu ya kifuniko chake ua la kuchorwa ambalo upande mmoja limefutika kwa kushikwashikwa na kidole gumba. Ndani hamkuwa na kitu, lakini harufu ilikuwamo. Ni harufu chungu, ya udongo na majani yaliyovunda, na nyuma yake kwa mbali karafuu, kwa sababu mama alitia chembe mbili tatu humo ili wageni wadhani ni karafuu za kutafuna tu. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Kila mtaa ulikuwa na watu wake wa afyuni, na kila nyumba ilijifanya haina.

Nilikuwa na miaka sita, labda na nusu. Meno ya mbele yalikuwa yamenitoka yote mawili. Tulikaa mimi na mama mtaa wa Kiponda, juu ghorofani, katika nyumba aliyoiacha baba, ambaye nilimjua kwa kanzu yake moja iliyobaki kigingini na kwa watu waliokuwa wakisema nimechukua paji lake la uso. Chini alikaa Bi Tatu, mwanamke mjane aliyekuwa akiuza vitumbua, na moshi wake ulipanda kila alfajiri ukaingia ndotoni mwangu. Sijawahi kuota ndoto nzuri isiyokuwa na moshi wa vitumbua.

Mama alikuwa na saa zake. Asubuhi alikuwa mkali na mwenye mikono baridi, hataki kuguswa. Kisha hufungua kijaluba, hutoa kidonge cheusi kisichozidi punje ya pilipili manga, hukishushia na kahawa, na baada ya muda nyumba nzima hulegea. Mapazia yalilegea, mwanga ulilegea, hata sauti za wachukuzi huko njiani zilikuja zimelainika. Mama alijilaza kwenye mkeka karibu na dirisha, akanisimulia mambo ya majini wanaokaa chini ya bahari na kula wali kwa vijiko vya lulu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya polepole, na mimi nilikuwa nalala kifuani pake nikaisikia ikitokea ndani kabla haijatoka kinywani.

"Zuena," huniita.

"Naam, mama."

Basi, hana haja na kitu. Alitaka tu kusikia nikiitika.

Lakini zilikuwapo siku ambazo hakuniita. Alilala toka adhuhuri mpaka karibu na magharibi, na mimi nikala wali wa jana kwa mikono isiyonawa, na ukiisha nikashuka kwa Bi Tatu. Siku moja Bi Tatu hakuwapo. Nikatoka peke yangu, bila viatu wala ukaya wa kichwani, nikaenda mpaka sokoni kutafuta ndizi, nikiwa najiona mkubwa kabisa. Huko ndiko alikonikuta Ami Seif.

Ami Seif alikuwa ndugu wa baba, mwenye shamba la karafuu upande wa Mkokotoni, na punda mweupe aliyekuwa akimpenda kuliko watu wengi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, kwa sababu visa vya namna hii hutaka pawe na ami mbaya, na wangu alininunulia ndizi, akanipandisha juu ya punda, akanirudisha nyumbani akinifuta vumbi miguuni kwa kilemba chake mwenyewe. Alipanda juu, akamkuta mama alivyolala. Alimwita mara tatu, mama hakusikia. Akatazama kijaluba kilichokuwa wazi mkekani, akashuka. Baada ya siku chache karani wa kadhi alileta habari kwamba Ami ananitaka nikalelewe kwake, kwa kuwa mama hafai kuachiwa mtoto.

Mama aliisikia habari hiyo kutoka nyuma ya pazia. Alingoja mpaka karani alipokwisha ondoka, halafu akanishika kwa nguvu mpaka nikalia kwa kuumia. Naye hakuniachia.

Zama zile mwanamke wa heshima hakuwa akisimama kujisemea mbele ya kadhi. Aliweka mtu wa kumsemea, na watu wa mitaa yetu walipopata shida walimwendea Mwalimu Kombo. Asubuhi alisomesha watoto Kurani, alasiri alishona kofia barazani kwake Mkunazini, na kati ya tundu na tundu la kofia alisikiliza mashitaka ya nusu ya wanawake wa mji. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuja kwetu na kofia yake mkononi, akakaa upande wake wa pazia, sindano ikienda.

"Shikamoo, Mwalimu," mama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nieleze. Wala usinieleze unayotaka kadhi ayasikie. Nieleze yalivyo."

Mimi nilikuwa nimekaa mapajani pake, nikiona kivuli cha mkono wa Mwalimu kikipanda na kushuka kwenye pazia.

"Nnakula," mama alisema mwishowe.

"Toka lini?"

"Toka yule mtoto wa pili alipotoka amekufa. Mkunga alinipa kwa maumivu ya tumbo."

"Na tumbo?"

"Tumbo lilipona."

Sindano ilisimama, ikaenda tena. "Na huyu mwanao, unamtaka?"

"Mwalimu! Swali gani hilo?"

"La kadhi. Afadhali ulisikie kwangu kwanza. Na nikishindwa, unataka aende kwa nani?"

Hapo mama alimtaja bibi yangu wa Bwejuu, mama yake mzazi, mtu ambaye hawakuwa wamesemezana toka mama alipoolewa na mtu wa mjini. Alisema jina lake mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha akaomba Mungu asifikishwe huko.

Siku iliyofuata Mwalimu alikuja na karani na wanaume wawili majirani zetu, waliomjua mama toka alipoingia mtaa ule bibi harusi. Ilikuwa lazima waje. Kadhi hamwoni mwanamke aliye nyuma ya pazia, basi hutaka watu wawili washuhudie kwamba anayesema ni yeye kweli. Karani akauliza kama wanaijua sauti ya Bi Salma binti fulani. Wakasema wanaijua. Mama akatamka, taratibu, kwamba amempa Mwalimu Kombo amsemee kwa kadhi katika jambo la mwanawe Zuena. Karani akawauliza ile sauti ni yake. Wakasema ni yake hasa. Mambo haya yalifanywa kwa utulivu mkubwa, kama watu wanaohesabu mahari, na mimi nilikaa nimefumbua macho bila kupepesa, maana niliona wazi kwamba kuna kitu kinatoka kwa mama kinakwenda kwa mtu mwingine.

Nilitumwa chini kuchukua kahawa. Nilipopanda, mashahidi walikuwa wamekwenda, na nikaona mkono wa mama unatokea chini ya pazia ukiwa na kijaluba. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni mwa kanzu yake.

Maneno waliyosemezana wakati nipo chini niliyajua miaka mingi baadaye. Mwalimu alimwambia: kadhi ataniuliza kama bado unakula, nami nataka nimjibu hapana, na iwe kweli. Zimebaki siku kumi. Nipe hicho kijaluba, na usimtume mtu dukani. Mama akampa. Hilo tu. Lakini mimi sikuyasikia. Mimi niliona watu wameitwa kuijua sauti ya mama, wameitambua, imekabidhiwa, na kisha kijaluba kimetoka. Kwa akili yangu ya miaka sita hapakuwa na la kuuliza. Sauti ilikuwa imo humo.

Na kweli mama hakusema tena.

Siku ya kwanza alipiga miayo, miayo mirefu isiyokwisha, machozi yakimtoka pasipo kulia. Siku ya pili alijifunika mashuka mawili mchana wa jua kali, na vinyweleo vimemsimama mikononi. Kisha likaja tumbo. Alijikunja ukutani, akauma pindo la kanga, na akitaka maji alionyesha kwa kidole. Bi Tatu alipanda mara nne tano kwa siku, akamnywesha uji wa mtama, akambadilisha nguo, akatoka na ndoo amefumba midomo.

"Mama anaumwa nini?" nilimwuliza.

"Haumwi. Anarudi."

"Anarudi kutoka wapi?"

"Ebo! Nenda kacheze huko."

Duka la afyuni lilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Mama alikuwa na pete mbili za dhahabu, na watoto wa mtaani waliokuwa tayari kutumwa kwa kashata moja. Hakumtuma mtu. Nalitaja hili kwa sababu mahakamani halikutajwa na yeyote, na mimi ndiye niliyebaki hai wa kulitaja.

Mimi nilikuwa naumia kwa ajili yangu. Nilikaa karibu na mgongo wake, nikasubiri aniite. Hakuniita. Nikaanza kuitika mwenyewe, "Naam, mama," kwa sauti ya kawaida, labda ameita ndani kwa ndani nami sikusikia. Alitoa mkono chini ya shuka, akanigusa mguu, akaurudisha. Nyumba ilikuwa ngumu siku zile. Mwanga ulikuwa mwanga tu, na majini wa vijiko vya lulu walikuwa wamefungiwa Mkunazini, mfukoni mwa mtu. Siku ya tisa nilijua la kufanya.

Nilimkuta Mwalimu Kombo barazani, kofia gotini, kikapu cha nyuzi ubavuni. Nilimwamkia.

"Marahaba, Zuena. Mama anasemaje?"

"Hasemi."

"Hasemi kabisa?"

"Hasemi kitu, Mwalimu."

Alinitazama juu ya miwani. "Atasema. Imebaki kesho tu. Mwambie Mwalimu kasema ajikaze, kafanya kazi kubwa."

Nilikaa. Niliona kijaluba kinang'aa ndani ya kikapu, chini ya vibonge vya uzi mweupe, hakikufichwa hata kidogo. Nilisikitika kidogo kwamba anakitupatupa hivyo. Adhana ya alasiri ikalia, Mwalimu akachoma sindano kwenye kofia, akaingia msikitini jirani. Nami nikatia mkono kikapuni, nikakimbia Mkunazini mpaka Kiponda nimekishika kwa mikono miwili, sawasawa, kisiinamie upande, isije ikamwagika.

Mama alikuwa ameketi siku ile, kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameegemea ukuta, amekonda, uso umetakata, kama mtu aliyetoka kuoga. Nikakiweka mkekani mbele yake.

"Kakupa nani?" alisema.

Nikaruka kwa furaha. Kifuniko hakijafunguliwa na sauti imekwisha rudi!

"Zuena. Nani kakupa hicho?"

"Nimekuletea sauti yako," nilisema. "Nimeichukua kwa Mwalimu."

Akasema, upesi upesi, "Kirudishe. Sasa hivi. Kimbia, mwanangu, kimbia." Mimi nilisimama pale pale. Nilikuwa nimekimbia njia nzima kumletea, na sasa ananiambia nikirudishe ili anyamaze tena? Nikasema sitaki. Nikaanza kulia, nikamwambia nataka aniite, nataka majini, nataka mama, mambo yote anayoweza kuyasema mtoto wa miaka sita aliyekaa siku tisa na mgongo wa mtu. Mama alinitazama mimi, akakitazama kijaluba, akanitazama tena. Sijui ilichukua muda gani. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Haya," alisema. "Kaniletee kahawa."

Mniwie radhi, lakini alasiri ile ndiyo iliyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Mpaka leo siwezi kuichukia. Nyumba ililegea. Mwanga wa dirishani ulikuja ukalala mkekani pamoja nasi. Mama alinisuka nywele, akazifumua, akazisuka tena, na majini walitoka baharini mmoja mmoja na vijiko vyao, wakapanda ngazi zetu, wakaketi. Aliniita mara nyingi nisizoweza kuhesabu, nami nikaitika kila mara, na mara moja akasema, "Nisamehe, Zuena," nikadhani ni kwa kuwa amenivuta nywele. Bi Tatu alipopanda na uji, alisimama mlangoni, akanusa. Aliuweka uji chini, akakaa kwenye kizingiti, akajishika kichwa.

Asubuhi tulikwenda kwa kadhi. Mama alivaa buibui, ambalo lilikuwa bado geni mjini, na Bi Tatu alimshika mkono upande mmoja, mimi upande wa pili. Alitembea polepole, kwa raha, kama anayetembea ndani ya maji. Alikuwa amekula tena alfajiri. Tulikalishwa nyuma ya pazia jekundu lililokuwa fupi, halifiki chini, nami kupitia uwazi ule niliona viatu vya Ami Seif, na miguu ya Mwalimu Kombo yenye vidole vipana, na mkeka wa kadhi.

Ami alijisemea mwenyewe. Alieleza habari za sokoni, na jinsi alivyomkuta mama, na hakuongeza chumvi. Sauti yake ilikatika alipofika kwenye miguu yangu mitupu. Kadhi akasema anataka kwanza kumsikia mama, japo neno moja, ajue yupo na yu radhi na wakili wake. Karani akaita, "Bi Salma!"

Mama alikuwa amelala. Alikuwa ameegemea bega la Bi Tatu, amelala usingizi wa mtoto. Bi Tatu akamtikisa. Karani akaita mara ya pili, na ya tatu. Nikaona viatu vya Ami vinasogea, basi nikafanya nililokuwa nimefundishwa mtu akiitwa.

"Naam!"

"Nani huyo?" kadhi aliuliza.

"Mimi, Zuena."

"Sikukuita wewe, binti."

"Mama amelala," nilisema. "Akilala, mimi ndiye ninayeitika."

Kuna mtu alianza kucheka akaacha. Nikaiona miguu ya Mwalimu Kombo ikisimama. Hakuwa na haraka. Alisema yeye hakuja kusema uongo, wala aliyemweka hakumwambia aseme uongo. Mwanamke huyu alikuwa akila afyuni, aliiacha siku tisa, na katika siku tisa hizo ameteseka mateso ambayo sisi tuliopo hapa hatungeyaweza. Jana amekula. Kijaluba kilikuwa amana kwake yeye Mwalimu, na alikwenda kusali akakiacha wazi barazani. Huo ni uzembe wake, na anaomba uandikwe hivyo.

"Sikuuliza uzembe," kadhi alisema. "Aliyekitoa kwako ni nani? Maana kama amekifuata mwenyewe, ni jambo moja. Kama mtu kamletea, ni jambo jingine. Aliyeletewa naweza kumpa muda mwingine."

Niliona miguu ya Mwalimu imegeukia pazia, na nina hakika aliiona yangu, na vumbi la Mkunazini labda lingalipo.

"Hilo," alisema, "halimo katika niliyopewa kuyasema."

Basi mama akaamka. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Alijikunyua, akajiweka sawa, na akasema kwa sauti ile nzito, ya polepole, ambayo wanaume wawili walikwisha ishuhudia kuwa ni yake:

"Nilikifuata mwenyewe, Sheikh. Nilikwenda nikakichukua."

"Mama, si—"

Akanifunika mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka karafuu na uchungu ule. Alinishika hivyo mpaka kadhi alipokwisha sema, na kadhi alisema ulezi umemtoka.

Ami Seif alivuta pumzi. Mwalimu Kombo akasema bado hajamaliza. Ulezi ukimtoka mama, alisema, kwa sheria yetu hauruki ukaenda upande wa baba. Unakwenda kwa mama yake mama, kama yuko hai na anafaa. Na yuko hai. Amekaa hapo nje toka alfajiri. Akaitwa mwanamke mmoja mwembamba, mweusi wa jua, mwenye pakacha mkononi, na hivyo ndivyo nilivyomwona bibi yangu wa Bwejuu kwa mara ya kwanza, chini ya pazia, kuanzia nyayo. Mwalimu alikuwa amempelekea habari siku ile ile ya kwanza, mama alipomtaja. Hakumwambia mtu.

Nilipelekwa Bwejuu kwa punda mweupe wa Ami, ambaye alinitoa kwa moyo safi na halua ya njiani. Mama hakuja. Nilisafiri siku mbili nikiwa na hasira, na hasira ile ilikaa kwangu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Kadhi aliuliza, mama akadanganya, na kwa uongo ule nikatolewa. Mtoto anayajumlisha mambo kama alivyofundishwa na njaa yake. Nilijua kwamba mama hakunitaka, basi alitafuta la kumwambia kadhi ili nichukuliwe, na kijaluba abaki nacho. Bibi alikuwa akinena Kiswahili cha kwao nisichokielewa chote, na nilimshukuru kwa hilo, kwani sikutaka kuelezwa.

Kumbe hakubaki nacho. Siku ile ile alimrudishia Mwalimu, na safari hii Mwalimu alikifunga kwenye kitambaa akakiandika jina, akakitia sandukuni. Karafuu zilichumwa misimu miwili. Halafu siku moja, tukiwa ufukweni tunafukua makumbi ya nazi yaliyooza tukayapige tupate nyuzi za kamba, niliona mtu anakuja kwa miguu mchangani, mwembamba, na kifurushi kichwani. Bibi alimtazama mpaka alipofika, akamkabidhi gongo la kupigia makumbi, akasema, "Haya, piga." Huo ndio upatanisho wao. Wakapiga mpaka maji yakajaa.

Sitawapa uongo kwamba mambo yaliisha hapo. Mama aliacha, akarudia, akaacha. Kuna mwaka Bibi alimfungia nje, na mwaka mwingine alimkanda tumbo siku kumi na mbili mfululizo. Mpaka naolewa, mama alikuwa mtu wa kahawa tu. Lakini hatukuwahi kuisema siku ile ya kwa kadhi, yeye wala mimi, na mimi nilikua nikajua niliyoyafanya, nikayabeba.

Mwishoni alikuwa kwangu, katika chumba hiki hiki. Alikuwa mwepesi sana, namgeuza kwa mkono mmoja. Alasiri moja, mwanga umelala mkekani, nilimwambia.

"Mama. Kile kijaluba ni mimi niliyekileta."

"Nnajua."

"Ungemwambia kadhi. Alikwisha sema, aliyeletewa angempa muda. Ungenipata."

Alicheka kidogo, bila sauti. "Ningemwambia mwanangu kaniponza? Ungekua nalo hilo, watu wanakunyoshea kidole." Akapumzika. "Na tena, Zuena, wewe ulikileta. Aliyekipokea nani?"

Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo nikidhani kwamba siku ile palikuwa na wakili mmoja tu upande wetu, aliyesimama mbele ya pazia na miwani yake ya uzi. Kumbe walikuwa wawili, na wa pili alikuwa amenifunika mdomo. Nililia, na nasema wazi kwamba nililia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Mama aliniacha nilie. Kisha akaniita, kwa kulivuta jina, kama zamani.

"Zuena."

"Naam, mama."

Hakuwa na haja na kitu.